Mgonjwa wa UKIMWI si mshitakiwa wetu



Niliwahi kuwaambia vijana katika darsa hapa Olbalbal kuwa UKIMWI ni adhabu ya Allah (s.w.) kwa wazinifu. Kijana mmoja akaniuliza: "Ustadhi, na mtoto aliyezaliwa na virusi anaadhibiwa kwa kosa gani?" Sikuwa na jibu. Na mke aliyetulia ndani ya ndoa yake, akaletewa maradhi na mumewe, naye tumwiteje?

Hakuna Muislamu anayebisha kuwa zinaa ni haramu. Swali ni hili: nani katupa sisi ukadhi wa kumtazama mgonjwa na kumsomea hukumu ya dhambi? Surat Hujurat imetukataza kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Tunapomuona mtu akitoka kliniki ya CTC tukaanza kuulizana "kaupata wapi huyu?", tunayafanya yote matatu kwa pamoja!

Tuseme dhambi imethibiti. Mwanamke wa kabila la Ghamid alikiri mwenyewe zinaa mbele ya Mtume (s.a.w.), akahukumiwa. Khalid bin Walid (r.a.) alipomtukana, Mtume (s.a.w.) alimkataza, akaeleza ukubwa wa toba ya mama yule, kisha akaswaliwa jeneza. Ikiwa aliyekiri hakuruhusiwa kutukanwa, vipi atukanwe ambaye hatujui lolote juu yake ila kwamba anaumwa?

Unyanyapaa huu unaua. UKIMWI uligundulika nchini mwaka 1983, mkoani Kagera, na tumezika wengi. Lakini tangu mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamuambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hata hivyo, dawa haimfai anayeogopa kuonekana akiichukua. Huku kwetu, ambako boma moja linawajua ng'ombe wa boma jingine kwa rangi zao, mwenye hofu huona afadhali aende mbali asikojulikana. Siku akikosa nauli, dozi imekatika. Je, sisi tuliomtia hofu hatuna sehemu katika kifo chake?

Sheria ya nchi ya mwaka 2008 inakataza kuwanyanyapaa wenye VVU. Itakuwa aibu Waislamu tusubiri hakimu atufundishe haki ya mgonjwa ambayo Mtume wetu (s.a.w.) alishatufundisha: kumtembelea, kumuombea dua, kumsitiri, na akifa kumswalia na kumzika kwa heshima. Maimamu waliseme hili katika khutba za Ijumaa kama wanavyokemea zinaa. Na vijana wanaotaka kuoana wapime mapema, bila ya kuonekana wahalifu.

Yule kijana nilimrudia darsa lililofuata, nikasema mbele ya wenzake kuwa nilikosea. Tusione haya kurudi nyuma tunapokosea, maana huenda kati ya wanaotusikiliza yumo anayeficha vidonge vyake.

Wabillahi tawfiq.