Gemu ya Zamani, Bei ya Mpya

Septemba 2020 Nintendo walitoa tena gemu tatu za Mario kwa pamoja: ya 1996, ya 2002 na ya 2007. Bei yake Marekani ilikuwa dola 60, sawa na gemu mpya kabisa. Picha ziling'arishwa, wakaongeza nyimbo zake, basi. Ni haki?

Wengi wanasema hapana, kazi ilishalipwa zamani. Mimi sikubali haraka hivyo. Sufuria kuukuu ikiivisha maharage, inaivisha. Na kijana aliyezaliwa 2005, kwake hiyo ya 1996 ni mpya, hakuna aliyemwibia.

Kinachoniuma ni kingine. Tarehe 31 Machi 2021 wakaacha kuziuza, hata za kupakua kwa intaneti. Jamani, gemu ya kupakua haijazi stoo, wala haiozi! Kwa nini kuiondoa, kama si ili mtu aogope kuikosa, alipe mbio mbio bila kufikiri? Sisi tuliokimbia, tukaja kununua upya vile tulivyoacha nyumbani, bei ya hofu tunaijua. Aliyenunua kwa kuipenda simlaumu. Mimi ningekuwa na hizo dola 60, ningetafuta ile ya 1996 ya mtumba, pamoja na mashine yake.