Blogu nazo ni maktaba: Nani atayajibia tunayoyaandika?

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alinifuata baada ya kipindi cha Maarifa ya Uislamu, akiwa na karatasi mkononi. Nilikuwa nimewapa kazi ya kuandika historia ya msikiti wa mtaani kwao. Akaniuliza: “Ustadh, ni kweli mzee huyu aliiba saruji ya msikiti?”

Nilipoisoma ile karatasi miguu iliniisha nguvu. Maneno yale nilikuwa nayajua, kwa sababu niliyaandika mimi.

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Kama vijana wengi wa wakati ule, nilikuwa na blogu yangu ya bure na nilijiona mwandishi. Nikasikia kwamba mifuko ya saruji ya ujenzi wa msikiti wetu imeonekana nyumbani kwa mweka hazina. Sikumuuliza yeye, wala sikuiuliza kamati. Nikaandika, na kwa ghera ya dini nikaweka na jina lake. Kesho yake wengine walikwishainakili habari ile.

Kamati ilipokagua hesabu, risiti zote zilikuwepo. Saruji ilikuwa kwa mzee kwa kuwa msikiti haukuwa na stoo yenye kufuli. Nikafuta makala yangu, nikaenda kumuomba radhi. Akaniambia: “Mwanangu, mimi nimekusamehe. Lakini hao waliokwisha kusoma utawapata wapi?”

Mzee yule ametangulia mbele ya haki. Makala niliyoifuta ilikuwa bado inaishi katika blogu ya mtu nisiyemjua, bila jina langu, bila tarehe na bila masahihisho. Huko ndiko mwanafunzi wangu alikoikuta.

Ndugu msomaji, kisa hiki ndicho kilichonifanya nitafakari swali hili: Maandishi ya watu yanapogeuka kuwa maktaba ya jamii, ni lipi la haki zaidi, kuyatunza yote au kuyafuta yaliyo mabaya?

Tuanze na hali yenyewe. Neno lililozaa jina la blogu lilianza kutumika mwaka 1997 huko Marekani. Mwaka 1999 ilipotoka programu ya Blogger, mtu asiyejua ufundi wowote wa kompyuta aliweza kuchapisha maneno yake bila ya kumuomba mhariri. Mwaka 2003, Marekani na Uingereza zilipoivamia Iraq, dunia ilisoma habari za Baghdad kutoka kwa kijana mmoja wa huko aliyejiita Salam Pax.

Kwetu Tanzania, Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuandika blogu kwa Kiswahili, na neno “gazeti tando” likasikika. Mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi akaanzisha yake, na Watanzania waliokuwa ughaibuni wakawa wanafungua huko kujua nani kaoa, nani kafariki na mvua imenyesha wapi.

Hapana shaka jambo hili lilikuwa na kheri kubwa. Habari za mitaa ambazo gazeti lisingezipa nafasi zilipata pa kukaa. Mawaidha, wasifu wa masheikh, picha za maulidi na za madrasa zilizokwisha kubomolewa, yote hayo yaliandikwa na watu wa kawaida. Mtafiti wa kesho akitaka kujua Waislamu wa mijini waliishi vipi katika miaka ile, blogu zitakuwa miongoni mwa mashahidi wake.

Lakini shahidi huyo ni dhaifu wa mwili. Kitabu kinaliwa na mchwa kwa miaka, ila blogu inaondoka kwa siku moja. GeoCities, iliyobeba kurasa za mamilioni ya watu, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Posterous ilifungwa mwaka 2013. Hapa nchini, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni, na ada ya leseni ya mwanzo peke yake ilikuwa shilingi milioni moja. Wapo walioamua kufunga. Kanuni hizo zilibadilishwa baadaye, lakini aliyefunga na kufuta harudishiwi maandishi yake na kanuni mpya.

Hapa ndipo maktaba inapoingia. Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba, 1967 haikujengwa iwe mahali pa kuazimia vitabu tu. Mchapishaji wa kitabu nchini hutakiwa kupeleka nakala kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba, ili taifa liwe na kumbukumbu. Wenzetu wameupeleka msingi huo huo mtandaoni. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuhifadhi kurasa za intaneti mwaka 2000. Uingereza iliweka kanuni mwaka 2013 za kuziruhusu maktaba zake kukusanya kurasa za nchi hiyo. Na maktaba ya Alexandria, Misri, iliyofunguliwa mwaka 2002, ilipokea nakala ya hazina ya Internet Archive, taasisi iliyoanza kazi hiyo mwaka 1996.

Sasa mtu atauliza: Je, maktaba ihifadhi hata uongo kama ule niliouandika mimi?

Wapo wanaosema ifute. Hoja yao ni nzito. Dini yetu imehimiza kusitiri aibu ya Muislamu, na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa anayeanzisha mwenendo mbaya hubeba na mzigo wa watakaoufuata. Kwa nini basi tuutunze mzigo ili vizazi vipya viuongeze?

Nami nilikuwa na rai hiyo, na ndiyo sababu nilifuta makala yangu haraka. Lakini ndugu msomaji, tazama nini kilitokea. Nilipofuta, nilifuta na ushahidi kwamba mwandishi ni mimi na kwamba nilikosea. Nakala ya uongo ikabaki peke yake, yatima, haina wa kuijibia. Ukweli ni kwamba ile niliyoiita toba kwa sehemu ilikuwa ni kujisitiri mimi, si kumsitiri mzee.

Turejee kwa maulamaa wetu. Zilipoenea hadithi za kutunga, hawakutosheka na kuzikataa vifuani mwao. Ibn al-Jawzi, aliyefariki Baghdad mwaka 597 Hijria (1201 Miladia), alizikusanya katika kitabu mahsusi, al-Mawdu'at, akaeleza kila moja ina kasoro gani. Kwa nini mwanachuoni atumie umri wake kuandika uongo kitabuni? Kwa sababu uongo uliokwisha kutoka mdomoni haurudi kwa kunyamaziwa. Ukiandikwa pamoja na hukumu yake, anayekutana nao barabarani atajua ni nini.

Na hawakuishia kwenye maneno, waliwaandika na wasemaji: nani mkweli, nani msahaulifu, nani muongo. Elimu hiyo ya kuwapima wapokezi haikuhesabiwa kuwa ni kusengenya, kwa sababu ililinda haki ya umma. Hata hivyo ilikuwa na mpaka. Mpokezi alichunguzwa katika yale yanayogusa uaminifu wa anachokinukuu, si katika kila siri ya nyumba yake.

Kwa mtazamo wangu mpaka huo unatufaa leo. Aibu binafsi ya mtu, picha ya faragha, ugomvi wa mume na mke, hayo hayana haki ya kukaa kwenye maktaba yoyote, na kuyafuta ni ibada. Ama tuhuma iliyotolewa hadharani juu ya mali ya umma au amana ya msikiti, hiyo ikishatoka ihifadhiwe pamoja na jina la aliyeitoa, tarehe yake na jibu lake. Kuitenga na jibu lake ni dhulma ya pili.

Kwa hiyo kazi ya mkutubi wa zama hizi haijapungua. Zamani za Baghdad walikuwepo warraqun, watu waliokuwa wakinakili na kuuza vitabu. Mmoja wao, Ibn al-Nadim, aliandika al-Fihrist mwaka 377 Hijria, orodha ya vitabu na watunzi wao. Vingi katika vitabu hivyo vimepotea na leo tunavijua kwa majina tu kupitia kwake. Yeye hakutunza karatasi tu, bali alitunza habari ya nani kaandika nini. Hicho ndicho kinachokosekana mtandaoni, ambako kila mtu ananakili na hakuna anayesema kapokea kwa nani.

Lakini tusimtwike mkutubi mzigo wetu. Surat al-Hujurat imetuamrisha tuichunguze habari tunapoletewa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Amri hiyo inamhusu anayeandika na anayebonyeza kumtumia mwenzake. Leo blogu nyingi zimekufa na watu wamehamia kwenye makundi ya simu, ambako kunakili ni kwepesi zaidi na kumbukumbu ya masahihisho ni ndogo zaidi. Ugonjwa ni ule ule, ila umepata gari la kasi.

Yule mwanafunzi nilimwambia ukweli kwamba mwandishi ni mimi. Alinitazama kwa muda, kisha akatazama chini. Sikumlaumu.

Nikaenda kwa binti mkubwa wa marehemu. Nilimuuliza kama anapenda nilinyamazie jambo hili lisije likaifufua fedheha ya baba yake, au niliandike. Akasema: “Ukinyamaza, Ustadh, la uongo ndilo litakalosomwa na wajukuu zake.” Kwa idhini yake nimeandika haya, na maelezo kamili yenye jina langu na majibu ya kamati nimeyakabidhi msikitini yatunzwe pamoja na daftari la ujenzi. Mwenye ile blogu nimemwandikia pia, na hadi leo hajanijibu.

Ndugu msomaji, kila mmoja wetu amepewa kalamu. Tunajua kwamba elimu yenye manufaa humfuata mtu kaburini kwa thawabu. Basi tujiulize, na uongo wenye nakala elfu utamfuata kwa lipi?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) amrehemu mzee wetu na atusamehe yale tuliyoyaandika kwa pupa. Wallahu a'lam.