Msifu Mkeo Angali Hai



Katekista hupewa kazi nyingi ambazo hakuzisomea, na mojawapo ni kuandika wasifu wa marehemu. Huku kwetu Ukambani, mtu akifariki, familia hutafuta mwenye mwandiko unaosomeka, na mara nyingi wanamkumbuka katekista. Ndivyo nilivyoitwa kutoka Kitui hadi Makueni, katika jimbo jipya la Wote lililomegwa kutoka Machakos mwaka 2023. Marehemu alikuwa mzaliwa wa kwetu, tulisoma naye mafundisho ya Kipaimara, kisha akaolewa huko. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mke, na mama wa watoto watano.

Mumewe nilimkuta chini ya mwembe pamoja na wazee. Nikatoa kalamu. Mama alianza kufundisha mwaka gani? Akamtazama ndugu yake mdogo. Alisomea wapi ualimu? "Hayo waulize watoto." Alifundisha shule zipi? Akataja moja, ile iliyo karibu na boma. Lakini mshahara wake, mkopo wa ushirika na pensheni, hayo aliyataja bila kuulizwa, hadi shilingi ya mwisho.

Sisemi haya ili nimwaibishe. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Alifanya kazi Mombasa miaka mingi, akija nyumbani Krismasi na Pasaka, kama wanaume wengi wa sehemu zetu ambao mvua ikikosa hufuata kibarua mbali. Lakini wasifu wa mkewe sikuupata chini ya mwembe. Niliupata jikoni.

Huko walikuwapo walimu wenzake na akina mama wa jumuiya ndogo ndogo, wanachambua pojo na kulia. Walinieleza jinsi alivyokuwa akiamka gizani, anapeleka punda mtoni kuchota maji kwenye shimo la mchangani, anarudi, anabandika muthokoi, kisha anatembea kwenda darasani. Jumamosi alikuwa kwenye mwethya, akichimba matuta ya kuzuia udongo pamoja na wenzake. (Ukipita milima ya Mbooni na Kilungu ukaona matuta yale mazuri, kumbuka ni akina mama wangapi walioinama pale wakati waume zao wako mjini.) Mwaka wa njaa alipika uji wa watoto wa darasa la kwanza kwa unga wake mwenyewe. Na yule ndugu mdogo aliyetazamwa chini ya mwembe? Karo yake ya sekondari, miaka minne, ililipwa na marehemu.

Siku ya mazishi mume alitaka kuusoma wasifu yeye mwenyewe. Alipofika kwenye ile karo akanyamaza. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Nilidhani ni zile pesa nilizokuwa nikituma."

Ndugu yangu uliyeoa, katika mazishi ya kina mama tunapenda sana kusoma Mithali 31. Lakini tunasikia taa yake isiyozimika usiku tu, na nguo alizowashonea watu wa nyumba yake. Soma aya ya 16: mwanamke yule anachunguza shamba, analinunua, na kwa mapato ya mikono yake anapanda mizabibu. Soma ya 24: anafanya biashara. Sasa soma ya 28. Watoto wake wanasimama kumsifu, na mumewe vilevile. Wanamsifu wakati gani? Hakuna jeneza katika sura ile. Mama yumo nyumbani, anasikia kwa masikio yake.

Mwaka 1995 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanawake wa ulimwengu barua. Humo aliwashukuru akina mama, wake, mabinti na dada, na akawashukuru pia wanawake wafanyao kazi za kila namna. Barua hiyo ilitolewa kabla ya mkutano wa wanawake wa Beijing, na aliyeongoza ujumbe wa Kenya huko alikuwa binti wa Kitui, Mheshimiwa Nyiva Mwendwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili katika nchi yetu. Alikuwa mjane tayari. Mumewe, Kitili Mwendwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alifariki katika ajali ya barabara mwaka 1985. Lakini mama huyo alikuwa ameingia Bungeni tangu 1974, mumewe akiwa hai. Sijamsikia mzee yeyote wa Kitui akisema kwamba Kitili alipungua heshima kwa sababu hiyo.

Yuko na Mtakatifu Gianna Beretta Molla wa Italia, daktari wa watoto. Aliolewa na mhandisi Pietro Molla mwaka 1955, akaendelea na kliniki yake huku akilea. Alifariki Aprili 1962, wiki moja baada ya kumzaa mtoto wao wa nne. Alipotangazwa mtakatifu mwaka 2004, Pietro alikuwapo, mzee wa miaka zaidi ya tisini. Kinachonigusa mimi ni barua. Kazi ilipompeleka Pietro mbali, wawili hao waliandikiana, wakaambiana upendo wao waziwazi. Barua hizo zipo hadi leo. Wewe una simu mfukoni. Jana ulimtumia mkeo neno gani, zaidi ya kumwuliza kama pesa zimefika?

Nanyi kina mama, msifiche kila kitu kwa kisingizio cha unyenyekevu. Mwambie mumeo leo darasani au sokoni kumetokea nini, hata kama hajauliza. Mwingine anashindwa kuuliza kwa kuogopa kuonekana mjinga.

Niliporudi Kitui jioni ile nilimkuta mke wangu kwenye cherehani, akimalizia sare za shule. Nikavuta kigoda nikamwuliza habari za kazi yake, tangu mwanzo. Akasimamisha cherehani, akanitazama sana.

"Mwalimu, umefanya kosa gani?"

Nikamwambia sijafanya kosa, nataka tu kusikia. Akaanza na mwaka ule alipoitwa chuo cha ushonaji akakataa kwenda, kwa kuwa mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Alikuwa ameificha ile barua ya chuo chini ya godoro. Tumeishi katika ndoa miaka ishirini na mbili, na barua hiyo sikuwahi kuisikia.