Jogoo wa Ziada

Mwaka juzi nilimwekea mtetea wetu mayai 12. Akayalalia siku 21 bila kunung'unika, wakatoka vifaranga tisa. Nikajiona mfugaji. Vilemba vyekundu vilipoanza kuchomoza ndipo nilipohesabu vizuri: mitetea watatu, majogoo sita. Kha!

Nawe msomaji, kama umewahi kufuga, unajua kilichofuata. Jogoo mmoja hutosha mitetea kumi hivi. Sisi tulikuwa na mitetea watano, na majogoo saba ukimtia na yule mzee. Uani pakawa ulingo wa ndondi. Mitetea wakanyonyoka manyoya ya mgongoni kwa kupandwa kutwa, na mmoja akawa anashinda mvunguni, hatoki hata kula. Jirani naye alikuwa na yake ya kusema kuhusu kuwikiwa saa tisa za usiku.

"Hawa wamezidi, mwanangu," mama akasema.

Neno hilo likanikaa kooni. Wamezidi nini? Hakuna yai lililoniomba lianguliwe. Mimi ndiye niliyeyapanga kiotani. Nilijua fika kwamba maumbile hugawa karibu nusu kwa nusu, ila nilitaka mitetea, basi nikajifanya sijui. Kilemba ni cha jogoo mwenyewe. Uziada nimemvika mimi. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Hawakutuambia watoto hao wakishaota vilemba inakuwaje.

Rafiki yangu akanicheka: si ununue vifaranga wa mayai, wanakuja mitetea watupu! Nikamwuliza, na kaka zao wako wapi? Akanyamaza. Ukweli ni kwamba kwenye mashine za kutotolesha mbegu ya mayai, vifaranga wa kiume hawatagi wala hawanenepi upesi, kwa hiyo kwa kawaida huuawa siku ile ile wanapotoka. Ujerumani ilipiga marufuku mtindo huo kuanzia Januari 2022, na wenye mashine wengine sasa hupima yai kabla halijaanguliwa. Swali limehamia ndani ya ganda, ndiyo hivyo tu. Kila mla chipsi mayai ana majogoo wake wa ziada. Tofauti yangu naye ni kwamba mimi wangu wananiwikia dirishani.

Nami nilitaka nisiwaone. Watatu nikamwuzia mchuuzi. Akawafunga miguu, akawaning'iniza vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, jua la saa sita, na safari yake ilikuwa ya mpaka jioni. Nikarudi ndani na mikono misafi. Lakini usafi huo nani aliulipia? Kifo sikuwaepusha. Nilijiepusha mimi kukitazama, na gharama yake wakaibeba wao barabarani, bila maji.

Wawili nikaamua kuwachinja mwenyewe. Mama akaniita kando. "Kisu kanolee kule nyuma, wasikione. Na usimchinje mmoja mbele ya mwenzake." Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni, lakini siku hiyo ndiyo niliyasikiliza. Nyama haiongezeki utamu kwa kunolea kisu nyuma ya nyumba. Anayeagiza hivyo amekwisha kubali kwamba jogoo anaona, anaogopa, na bado atachinjwa. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kukubali nusu tu.

Wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili mkono ulinitetemeka, na najua aliumia zaidi ya ilivyopasa. Hilo silitupii mtu mwingine. Supu niliinywa. Ilikuwa tamu, na hilo nalo liandikwe.

Wa sita, kishingo, tumembakiza. Mzee kamwachia uwanja, siku hizi anashinda chini ya mpapai.

Na yule mtetea ameanza tena kujificha nyuma ya matofali. Jana nimeingiza mkono chini yake: mayai 11, yana joto. Mama ananitazama tu, hasemi kitu. Sijayaondoa.