Mshono wa Ndani

Kila mwalimu aliyepata kutayarisha mchezo wa kuigiza shuleni anajua kwamba maleba ndiyo hukumbukwa mwisho. Twahangaika na matamshi ya wachezaji, twapanga viti, twaandika barua za mialiko. Kisha, juma moja kabla ya onyesho, twamkimbilia fundi cherehani. Ndivyo tulivyofanya sisi hapa Kampala, na kwa kufanya hivyo tukakutana na swali ambalo hatukulitazamia: je, kazi njema isiyoonekana na watu ina thamani gani, na deni lake ni la nani?

Mchezo wetu ulihitaji vazi la mtawala mzee. Tulitaka lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Gome hilo hubanduliwa wakati wa mvua, likapondwa kwa nyundo za mti hata likalainika na kupata rangi ya udongo mwekundu. Ufundi huo wa Waganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu. Lakini kitambaa hicho huvaliwa katika kutawazwa kwa wafalme, na hicho hicho huzikiwa wafu. Mzee fundi akatushauri tusikitie mkasi kwa ajili ya mchezo. Akachukua marekani, akaichemsha katika majani ya chai, akaikausha, akairudia tena, mpaka mtu aliye mbali asingeweza kutofautisha.

Tukamwambia, "Mzee, vazi hili ni la siku mbili tu. Lipige bandi, latosha. Watazamaji watakuwa mbali."

Akatikisa kichwa. "Mwalimu, watazamaji wataliona nje. Huyu mtoto ndiye atakayelivaa ndani."

Akatia bitana, akakunja kila mshono, akaacha kitambaa cha ziada ubavuni ili mwakani vazi limfae mchezaji mwenye mwili mkubwa zaidi, akashona kulabu mahali pa vifungo ili livuliwe upesi.

Wako watakaosema kwamba huo ni upotevu wa uzi na wakati, kwani maleba ni udanganyifu tangu mwanzo: marekani inajifanya gome, na mtoto anajifanya mfalme. Hatukubaliani nao. Mtazamaji ameingia ukumbini kwa hiari yake, akijua kwamba anaigiziwa, hakudanganywa. Mchezaji naye hana nafasi ya kuchagua. Huvaa alichopewa, akasimama mbele ya mamia ya macho, na vazi likipasuka, aibu ni yake peke yake. Basi uaminifu wa fundi haupimwi kwa yule anayetazama, bali kwa yule anayemtegemea.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mshono wa ndani haujiuzi. Hakuna aupigiaye makofi, na ukiwa mwema kabisa hakuna hata ajuaye kwamba upo.

Na hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Katika karatasi ya onyesho tuliandika majina ya wachezaji, ya mkuu wa shule, ya mgeni wa heshima, hata ya aliyetuazima viti. Jina la mzee halikuwamo. Alikuja, akaketi nyuma, na watu walipokwisha kuondoka alikusanya mavazi akayakagua pindo moja moja. Hakusema neno.

Tulijitetea nafsini mwetu kwamba alikwisha kulipwa. Lakini tulimlipa kwa kazi tuliyomwagiza. Ile tuliyomkataza, naye akaifanya kwa ajili ya mtoto wetu, hatukuipatia bei, na kwa hiyo hatujailipa hata leo. Fedha haiwezi kulifuta deni ambalo mdaiwa hakutaka kulitambua.

Ndugu walimu, sisi nasi kazi yetu kubwa ni mshono wa ndani: daftari lililosahihishwa usiku, sentensi moja iliyonyoshwa kwa subira. Twasikitika pale wasipoiona. Basi tuwe wa kwanza kuiona ya wengine. Mwaka huu mzee anatushonea tena, na jina lake limekwisha andikwa katika karatasi ya onyesho, kabla ya yetu.