Mlevi Asiachwe Peke Yake

Wahenga walinena: Mficha maradhi, kifo humfichua. Methali hii twaiona ikitimia katika nyumba nyingi za Wakristu. Baba akishikwa na homa, majirani wote hupewa habari. Lakini akishikwa na pombe, mlango hufungwa, watoto hufundishwa kusema kwamba baba amesafiri, na fedha ya chakula huishia kilabuni kimya kimya. Kwa kuogopa aibu twaukuza msiba.

Wako wanaodhani kwamba dawa ni moja tu: mlevi aende kuungama, aweke ahadi, basi. Kweli, Sakramenti ya Kitubio huondoa dhambi, wala hatutaki kuipunguzia heshima hata kidogo. Lakini mtu aliyevunjika mguu kwa kosa lake mwenyewe, hata akiisha kusamehewa, bado hawezi kutembea mpaka afungwe mguu. Vivyo hivyo aliyetawaliwa na pombe miaka mingi. Hutoka kitubioni na nia njema, na jioni hupita mbele ya kilabu kile kile, naye yu peke yake. Hapo ndipo huanguka.

Katika mwezi wa Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York, alikuwa katika mji wa Akron, nchini Marekani. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na tamaa ya pombe, ambayo aliiacha miezi michache tu, ikamwandama tena. Akapiga simu kwa watu wa makanisa, akitafuta mlevi mwenzake wa kusema naye. Ndivyo alivyokutana na Bob Smith, daktari mpasuaji, ambaye pombe ilikuwa karibu kumwangamiza. Kila mmoja alipata kwa mwenzake nguvu ambayo hakuipata alipokuwa peke yake. Kutoka kwa hao wawili kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi za dunia.

Je, Mkatoliki anaweza kwenda huko? Chama hicho si cha dini yoyote, wala hakimzuii mtu kuishika dini yake. Mwaka 1939, wakati hospitali nyingi hazikutaka kuwalaza walevi, Sista Ignatia aliwapokea pamoja na daktari Smith katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini Akron. Kila aliyeondoka alimpa beji ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, akimwagiza airudishe kwake kabla ya kunywa tena. Padre Edward Dowling, Mjesuiti, alimtembelea Wilson mwaka 1940, akawa rafiki na mshauri wake hata kufa kwake mwaka 1960. Basi Mkristu asiogope.

Mambo ya mkutano ni mepesi. Hakuna ada. Sharti ni moja tu: kutaka kuacha pombe. Watu huketi pamoja. Anayetaka kusema hutaja jina lake la kwanza, hukiri kwamba ni mlevi, na kueleza yaliyompata. Anayetaka kunyamaza hunyamaza. Yasemwayo humo hayatolewi nje. Mgeni hupata mwenzake wa zamani wa kumshika mkono, ambaye aweza kumwita hata usiku tamaa inapomzidi. Wala haambiwi aahidi kuacha maisha yake yote; huambiwa ajizuie leo, na kesho aanze tena.

Ndugu msomaji, ukiwa na mlevi nyumbani, uliza. Waulize Padre wa parokia na mganga wa hospitali. Katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi mikutano ya namna hii iko. Na aliye mbali aweza kusikiliza mikutano mingine kwa njia ya intaneti. Pasipo na kikundi, watu wawili wenye nia moja watosha kuanza, kama walivyotosha mjini Akron. Lakini kwanza tunawaonya: aliyekunywa sana kila siku asikatishe pombe ghafula bila kumwona daktari, maana mwili waweza kutetemeka, kupata kifafa, hata kufa.

Nanyi akina mama na watoto, msidhani kwamba jambo hili ni la baba tu. Tangu 1951 kiko chama cha jamaa za walevi, kiitwacho Al-Anon, ambamo watu wa nyumbani hutiana moyo wenyewe, mlevi akubali kuacha au asikubali.

Na sisi wanaparokia, tujiulize: mtu huyo akija kuomba chumba cha kukutania jioni moja kwa juma, tutampa, au tutamcheka? Tukimwona akiingia mkutanoni, tutatangaza sokoni?

Tukumbuke yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu. Hakufika kwa Bwana Wetu kwa miguu yake. Watu wanne walimchukua. Walipoona mlango umezibwa, wakatoboa dari na kumteremsha. Injili inasema kwamba Yesu aliiona imani yao wale waliomchukua. Akamsamehe mgonjwa dhambi zake, kisha akamwambia ainuke. Katika kila parokia yuko aliyelala akingoja watu wanne. Tusimpite.