Ndege Aliyeachwa Darini



Miongoni mwa maswali wanayotuletea ndugu wanaoichunguza dini ya Kiislamu, moja hurudi mara kwa mara: je, Uislamu una neno lolote juu ya wanyama, mbali na kuwachinja? Muulizaji mmoja alizidi kusema ya kwamba kumshughulikia ndege aliyevunjika bawa, ilhali wapo wanadamu wenye njaa, ni kupoteza wakati. Sitamjibu kwa hoja kwanza. Nitamsimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo halinisifu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha dini katika jimbo la Punjab, nchini Pakistan. Huko nyumba za mjini zimebanana, na madari yake ni sakafu tupu ambapo watu huanika nguo na kulala nyakati za joto. Mwezi wa Machi jirani mmoja alihama kwa ghafula, na juu ya dari yake akaacha tundu lenye kasuku wa kijani, wale wanaofugwa karibu kila mtaa wa nchi ile. Alikuwa bado mchanga, maana dume la aina hiyo hupata pete nyeusi na ya waridi shingoni afikapo kiasi cha miaka mitatu, na huyu hakuwa nayo.

Siku mbili nilimsikia akilia. Nami nilikuwa na kazi: mwalimu alikuwa amenipa kutunga hotuba juu ya sifa ya Mwenyezi Mungu ya Ar-Rahman, yaani Mwingi wa Rehema. Kelele zile zilinivuruga, basi nikafunga dirisha. Naam, nilifunga dirisha ili nipate kuandika vizuri juu ya rehema! Siku ya tatu kilio kikakoma, na ule ukimya ndio ulionipandisha ngazi.

Kikombe cha chakula kilionekana kimejaa. Nilipokipuliza, kumbe ni makapi matupu. Kasuku humenya mbegu akala kiini, na ganda hubaki mle mle, hata mpita njia akadhani bado kuna akiba. Kikombe cha maji kilikuwa kikavu. Paka alikuwa ameingiza mkono kati ya nyaya, na bawa la kushoto lilining'inia likiwa na damu. Ndege mwenyewe alikuwa chini, amejikunyata pembeni, macho nusu yamefumba.

Kwa pupa nilimchukua nikataka kumtia maji mdomoni. Mwalimu wangu, aliyekuwa akipita uani, akanishika mkono. Alinieleza ya kwamba tundu la pumzi la ndege liko papo hapo kwenye shina la ulimi, na mtu akimimina maji huenda akamzamisha akidhani anamnywesha. Tukamweka katika sanduku la karatasi lenye matundu ya hewa, chini tukatandika kitambaa, tukalifunika, tukaliweka mahali penye vuguvugu na kimya. Ndege aliyeumia huuawa na hofu kama auawavyo na jeraha, giza humtuliza. Kisha tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo, mzee aliyezoea nyati wa maziwa na punda wa mikokoteni. Nilitazamia atatucheka. Hakutucheka. Alisema mlikuwa na haki ya kuharakisha, kwa kuwa kinywa na kucha za paka zina vijidudu ambavyo humuua ndege kwa siku moja au mbili, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano. Akampa dawa, akalikunja bawa kama likaavyo ndege atuliapo, akalifunga pamoja na mwili kwa kitambaa laini. Akanionya nisikikaze: ndege hupumua kwa kuinua na kushusha kifua, na ukimbana kifua umemnyonga.

Majuma matatu nilimlisha dengu zilizorowekwa, mapera na pilipili mbichi ambayo kasuku huila kwa furaha bila kuwashwa. Kila nilipomgusa nilinawa kwa sabuni, maana kasuku aweza kumwambukiza mtu maradhi ya mapafu. Mfupa uliunga, kwa kuwa mifupa ya ndege huunga upesi kuliko yetu. Walakini kiungo kilikuwa kimeumia, na tangu hapo hakuweza kuruka ila kutoka kitini hadi mezani.

Katika siku hizo nilisoma tena Sura Al-Mulk, pale Mwenyezi Mungu anapotuamuru tuwatazame ndege walio juu yetu wakikunjua na kukunja mbawa zao, na kutufahamisha nani huwashikilia. Jina alilojitaja nalo mahali hapo ni Ar-Rahman. Mara ngapi nilikwisha kuipita aya ile! Nilikuwa nimeikusudia iwe ndani ya hotuba yangu, kwenye ukurasa wa pili.

Sasa yafaa tumjibu muulizaji. Katika Sura Al-An'am ndege wametajwa kuwa ni umma mbalimbali mfano wetu sisi. Maswahaba walipochukua makinda ya ndege safarini, na mama yao akaja akipapatika, Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Je, hiyo maana yake ni haramu kumfuga ndege? La. Mtoto mmoja wa Madina, Abu Umair, alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Ndege huyo alipokufa, yeye, pamoja na mizigo yote ya umma aliyoibeba, alimsemesha mtoto yule kwa upole juu ya ndege wake. Mwanachuoni Ibn al-Qass aliandika kitabu kizima akitoa faida sitini katika hadithi hiyo fupi. Lakini yule mwanamke aliyemfunga paka hata akafa aliadhibiwa, na kosa lake limeelezwa wazi: hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie. Basi kufuga kunaruhusiwa, na aliyefuga amejitwika deni. Wala asidhani kwamba kufungua tundu ni kulilipa. Ndege aliyelelewa mikononi, tena aliyekatwa manyoya ya mbawa, akiachiwa nje hajui pa kupata chakula wala jinsi ya kumkimbia mwewe.

Ama wale wenye njaa, ninamwuliza ndugu yangu: siku nilipofunga dirisha, je, nilikuwa nimekwenda kumlisha mwenye njaa? Nilikuwa nimekaa kitini. Sijapata kuona mtu aliyeacha kumsaidia jirani kwa sababu mikono yake imejaa ndege.

Miezi minne baadaye alikuja mlangoni kijana wa miaka kama tisa, mtoto wa yule jirani, amefuatana na mjomba wake aliyekuja kuchukua vyombo vilivyosalia. Alikuwa amesikia sauti ya kasuku kutoka uani kwetu. Moyo wangu ukachemka. Nilikuwa nimekwisha kuitafuta hadithi iliyomo katika kitabu cha Abu Daud, kwamba mnyama aliyeachwa na wenyewe kwa kushindwa kumlisha, akachukuliwa na mtu akamhuisha, huyo ni wake aliyemhuisha. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya hukumu hiyo. Mimi siku ile sikutaka kusikia hitilafu. Nilikuwa na maneno makali tayari.

Mwalimu akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwanangu, Mtume alipomwona Abu Umair ana huzuni, alianza kwa kufanya nini?"

Aliuliza. Basi nami nikamwuliza yule kijana. Akasema baba yake alimwambia kasuku amepelekwa kwa shangazi, na ya kwamba siku ile ya kuhama yeye alilala ndani ya gari. Kila juma alikuwa akiomba apelekwe kwa shangazi.

Nilikwenda nikalileta tundu. Nilimwonyesha jinsi ya kupuliza makapi, na kiasi cha maji, na mahali ambapo bawa huuma likiguswa. Mjomba alisimama akitazama chini. Kijana alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu: je, kasuku amemkasirikia?

Nikamwambia atie kidole chake kati ya nyaya. Kasuku akasogea kwenye kijiti, pole pole, upande wa bawa zima, akainamisha kichwa ili akunwe.